Mama Asilimia na Maneno Yaliyokatika

Hospitali nzima ilimwita Mama Asilimia, na wafanyakazi wapya waliamini ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Yeye hakujali. Alikuwa na miaka hamsini na sita, magoti yanayolalamika kila akiona ngazi, na miaka ishirini na saba ya kazi katika chumba kimoja cha mapokezi ambacho dirisha lake linatazama kamba za kuanikia mashuka. Aliingia enzi za kadi ngumu na sanduku la mbao. Ikaja mashine ya chapa, ikaja kompyuta. Kila kilipoletwa kitu kipya aliambiwa kitampunguzia kazi, naye aliitikia "haya" kwa sauti ileile.

Jina lenyewe lilitokana na asilimia kweli. Hospitali ilipoanza kupokea maombi ya kuonana na daktari kwa mtandao, mgonjwa alijaza fomu kwenye simu yake: jina, namba ya simu, na chini kabisa kisanduku kilichoandikwa "Eleza tatizo lako kwa kifupi." Saa moja na nusu asubuhi orodha ya maombi ilifunguka kwenye kompyuta ya Mama Asilimia, na ilifunguka imechafuka. Mtu kaandika "Nataka kung'olewa jino", inafika "Nataka%20kung%27olewa%20jino". Aliyeuliza swali, alama yake ya kuuliza imegeuka %3F. Aliyeshuka mstari ameacha %0D%0A, kama mtu aliyepita ukumbini na viatu vya tope.

Fundi wa kompyuta wa hospitali, kijana mpole mwenye haraka isiyoisha, alishawahi kumweleza akiwa amesimama mlangoni.

"Maneno yakisafiri mtandaoni, mama, herufi za kawaida zinapita zilivyo. Lakini nafasi, alama ya kuuliza, kale kamkia ka kwenye ng', hivyo vina kazi nyingine njiani. Kwa hiyo vinafungwa kwanza. Kila kimoja kinageuzwa asilimia na tarakimu zake. Yakifika, yanafunguliwa."

"Haya yangu mbona hayafunguliwi?"

"Yetu yanafungwa mara mbili, halafu yanafunguliwa mara moja."

"Basi fungueni mara ya pili."

"Ipo kwenye mpango, mama."

Mpango ulikaa miaka mitatu. Miaka yote hiyo Mama Asilimia aliyafungua kwa mkono, mstari baada ya mstari, kidole kimoja kwenye skrini na kingine kwenye kibodi. Mwanzoni aliandika alama zote kwenye daftari, na baada ya mwaka hakulihitaji tena. Alizisoma kama wengine wanavyosoma bango la duka. Alikuwa na tabia ya kusoma kwa sauti, "asilimia ishirini, asilimia ishirini na saba", na wauguzi waliopita nje wakamvika jina, nalo likamkaa.

Nyumbani alikuwa na mume, fundi wa kuchomelea vyuma aliyestaafu, ambaye macho yake yalikuwa yameungua taratibu kwa cheche za miaka mingi. Kila jioni kabla ya chakula alimsomea gazeti. Siku moja, kwa uchovu, akasoma kichwa cha habari huku akitamka asilimia ishirini kila penye nafasi. Mzee akasikiliza hadi mwisho, akauliza, "Sasa hapo ni bei ya nini iliyopanda?" Mama Asilimia alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akabaki amekaa, kwa sababu kunyanyuka kulikuwa kazi nyingine.

Orodha ikishasafishwa, aliichapa na kumpelekea muuguzi mkuu ghorofa ya pili. Muuguzi mkuu alikuwa mwanamke wa makamo, mkali kwa sura, na kalamu yake nyekundu ndiyo iliyoamua nani aonwe leo, nani wiki ijayo, nani mwezi ujao. Ombi lisiloeleweka liliandikwa "maelezo hayatoshi" na kutupwa mwisho wa foleni. Ndiyo sheria iliyokuwepo, na kwa wagonjwa mia na zaidi kwa siku sidhani kama yeyote angeweza kubuni nyingine.

Jumatatu moja orodha ilifunguka ikiwa safi. Hapakuwa na asilimia hata moja. Nafasi zilikuwa nafasi, na alama za kuuliza ziliuliza. Fundi wa kompyuta alipita chumba kwa chumba akipokea pongezi. Mkurugenzi mwenyewe alishuka, akatazama skrini, akasema, "Sasa hii ni hospitali." Halafu akamgeukia Mama Asilimia na kumwambia kwamba kwa kuwa orodha haihitaji kusafishwa tena, itakwenda moja kwa moja kwa muuguzi mkuu, na yeye sasa atahudumia madirisha mawili badala ya moja.

"Haya," alisema Mama Asilimia.

Wiki mbili alihudumia madirisha mawili. Alisimama zaidi ya alivyokaa. Jioni alivua viatu na kukuta miguu imechora alama ya kila uzi wa soksi. Orodha bado ilifunguka kwenye kompyuta yake, lakini hakuwa na sababu wala nafasi ya kuisoma.

Jumanne ya wiki ya tatu mvua kubwa ilinyesha tangu alfajiri, wagonjwa wakachelewa, madirisha yote mawili yakawa matupu. Akakaa. Kwa mazoea tu akafungua orodha ya maombi yote ya wiki zile mbili, akaanza kusoma kwa sauti. Alipofika mstari wa kumi na moja alikwama. Lilikuwa ombi la siku sita nyuma, lililokwisha pangiwa tarehe ya mwezi ujao. Kwenye kisanduku cha tatizo palikuwa na neno moja, tena si neno: "Nimeng".

"Nimeng," alisema. "Nimeng nini?"

Nimengoja? Lakini mtu aliyengoja angemaliza kuandika. Akajaribu mengine kinywani, kama mtu anayejaribu funguo. Nimeng'oa. Nimeng'amua. Nimeng'ang'ania. Kisha likaja lingine. Nimeng'atwa.

Akarudi juu ya orodha na kuanza upya, safari hii bila sauti. "Mtoto ameng." "Naona vitu vinang." "Nataka kung." Mmoja alikuwa ameandika "Nanung" tu. Akahesabu kwa tarehe. Kila siku walikuwepo watatu, wanne, na wote waliishia mahali pamoja. Hakuna hata mmoja aliyevuka ng'. Zile orodha za uchafu, zilizomchosha vile, hazikuwahi kumkata mtu kauli. Hizi safi zilikuwa zinakata, na kwa sababu zilikuwa safi hakuna aliyeangalia mara mbili.

Hakwenda kwa fundi wala kwa mkurugenzi. Alichukua simu yake mwenyewe akapiga namba ya mstari wa kumi na moja. Iliita hadi ikakatika. Akapiga tena.

"Halo!" Sauti ya mwanamume, na nyuma yake mvua ikigonga bati.

"Habari yako, kaka. Nakupigia kutoka hospitali, mapokezi. Ulituma ombi wiki iliyopita."

"Ndiyo, dada. Nimepangiwa mwezi ujao. Kuna mabadiliko?"

"Hebu niambie, uliandika tatizo gani?"

"Si nimeliandika hapo?"

"Nataka nilisikie kwako."

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayeona aibu. "Niling'atwa na mbwa. Mimi ni msoma mita za maji, naingia nyua za watu kila siku, mbwa nimewazoea. Sasa huyo hakuwa wa uani. Alikuwa njiani tu, anatoka mate, anatembea upande upande. Akanirukia mguu. Lakini kidonda kidogo, dada, kinakauka. Nilipoona mmenipanga mwezi ujao nikajua basi, si jambo la kutisha."

Mama Asilimia alifumba macho. "Uko wapi sasa hivi?"

"Niko kibarazani kwa watu, najikinga mvua. Nina mita kama thelathini zimebaki."

"Ziache. Osha mguu kwa maji mengi na sabuni, hapohapo ulipo, waombe. Halafu njoo. Usipite nyumbani, usingoje mvua ikatike. Ukifika usipange foleni, ulizia Mama Asilimia."

Yule mtu akauliza polepole, "Mbwa yule alikuwa na kichaa, eh?"

"Sijui, kaka. Ndiyo maana nakwambia njoo."

Alipanda ngazi hadi ghorofa ya pili akiwa ameshika ukuta. Muuguzi mkuu alikuwa amezungukwa na karatasi.

"Sista, kuna mtu kaumwa na mbwa anayeshukiwa kichaa. Siku sita. Anakuja sasa."

"Siku sita? Alikuwa wapi siku zote hizo?"

"Alikuwa kwenye orodha yako. Ulimwandika maelezo hayatoshi."

Muuguzi mkuu alinyanyua uso, na kwa muda ilionekana watagombana. Mama Asilimia akaweka karatasi juu ya meza, akaonyesha kwa kidole: Nimeng, ameng, vinang, kung, Nanung. Akaeleza. Muuguzi mkuu alisoma mara mbili. Kofia ya kalamu yake nyekundu ilianguka chini, hakuiokota.

"Nilidhani watu wamekuwa wavivu wa kuandika," alisema. "Wallahi, dada, nilikuwa nawalaumu."

Wakaagiza chanjo iandaliwe. Kisha Mama Asilimia akateremka hadi chumba cha fundi wa kompyuta, kilicho chini kabisa, pembeni ya stoo ya mitungi ya gesi.

"Mama, mfumo hauna tatizo," fundi alisema kabla hajamaliza kusikiliza. "Wiki mbili sasa sijapata hata lalamiko moja."

"Toa simu yako. Jaza fomu yetu."

"Mama, nina kazi..."

"Jaza, mwanangu. Sina miguu ya kushuka tena huku kesho."

Akatoa simu. Alipofika kwenye kisanduku cha mwisho akamtazama.

"Andika: Usiku nang'ang'ania kupumua."

Aliandika, akatuma. Wakageukia skrini yake, wakangoja. Ombi likaingia. Kwenye kisanduku cha tatizo palisomeka: "Usiku nang".

Fundi akatuma tena, ikaja vilevile. Akavuta kiti, akaanza kufungua kurasa za programu moja baada ya nyingine, na Mama Asilimia akakaa juu ya boksi la karatasi kwa sababu kiti kingine hakikuwepo. Baada ya muda kijana akajishika kichwa.

"Ni ritifaa," alisema. "Kamkia ka ng'. Programu inapoonyesha maneno ya mgonjwa, inayaweka katikati ya vialama viwili, kimoja mwanzo, kimoja mwisho, ili ijue yanaanzia wapi na yanaishia wapi. Vialama hivyo vina sura ileile ya ritifaa. Zamani ilipita ikiwa imefungwa, asilimia ishirini na saba, haikumdhuru mtu. Mimi nimeifungua yote. Sasa programu ikikutana na ng' inadhani maneno yamekwisha."

"Na yaliyobaki yamekwenda wapi?"

"Yapo! Yapo yote kwenye seva, mama, hakuna kilichopotea. Yanakatwa wakati wa kuonyeshwa tu."

"Wakati wa kuonyeshwa ndio sisi tunasoma," alisema Mama Asilimia. "Na huyu wa 'Nanung' ndiye lalamiko lako. Alikuwa ananung'unika."

Kijana alilisoma neno lile tena. Hakutoa udhuru tena, na kwa hilo Mama Asilimia alimheshimu maisha yake yote. Kabla ya saa saba mchana alikuwa ameirekebisha programu na kutoa orodha ya wote waliokatwa ndani ya wiki zile mbili, maneno yao yakiwa kamili. Walikuwa arobaini na watatu.

Msoma mita alifika saa tano kasorobo, ameloa chapachapa, begi la kazi kichwani. Alichomwa sindano ya kwanza siku hiyo na kupewa tarehe za nyingine. Alizifuata zote, na kila alipokuja alipita dirishani kumsalimu "dada yangu wa mvua". Hakuugua.

Wale arobaini na wawili waliobaki walipigiwa na Mama Asilimia mmoja mmoja, alasiri ile na siku mbili zilizofuata, huku mtu mwingine akisimama dirishani kwa niaba yake. Wengi mambo yao yalikuwa madogo. Bibi mmoja aliyetaka kung'olewa jino alikuwa amekwisha kung'olewa kwingine, akamsema Mama Asilimia dakika nzima bila kupumzika, naye akasikiliza. Mtoto wa "ameng" alikuwa ameng'atwa na nyuki shingoni na uvimbe ulishapoa. Aliyenung'unika aliulizwa alikuwa ananung'unikia nini, akasema amesahau, lakini amefurahi kuulizwa.

Aliyeandika "Naona vitu vinang" alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa miaka arobaini hivi. Maneno yake kamili yalisomeka: "Naona vitu vinang'aa kama cheche kwenye jicho la kushoto, halafu kama pazia linashuka." Alikuwa ametuma siku kumi na mbili nyuma. Alipopokea simu alisema cheche zimeisha.

"Afadhali," alisema Mama Asilimia.

"Zimeisha na jicho lenyewe," alisema yule mwanamke. "Sioni nalo kitu."

Daktari wa macho alimwona siku hiyohiyo. Ngozi nyembamba iliyo nyuma ya jicho ilikuwa imebanduka. Walimpasua, wakajaribu. Daktari alisema kwamba angekuja siku zile za cheche mambo yangeweza kuwa tofauti, kisha akasema kwamba angeweza pia asipone, na hakuna ajuaye. Jicho halikurudi.

Hospitali ilitoa barua kwa wafanyakazi wote ikitaja "hitilafu ndogo ya kiufundi iliyotatuliwa kwa haraka." Walikumbushwa pia wasijadili suala hilo na wagonjwa. Mama Asilimia aliisoma barua, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa sweta.

Mwezi uliofuata fundi cherehani alikuja kliniki, ana kitambaa cheupe juu ya jicho, amekaa peke yake kwenye benchi la ukutani. Mama Asilimia alifunga dirisha lake, akaweka kibao cha "Narudi punde", akatoka na kukaa kando yake. Alijitambulisha kwamba ndiye aliyempigia.

"Nimekujua sauti," alisema yule mwanamke. "Nilikuwa nataka nikuulize kitu, dada. Ni mimi sikueleza vizuri? Kila siku nafikiria. Nilikuwa naandika huku nashona, mteja ananiharakisha. Nasema labda ningeandika vingine wangenielewa. Mume wangu naye ananiambia, wewe ulipaswa kueleza vizuri."

Mama Asilimia alitazama sakafu. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hata uongo ulimshinda; ndivyo alivyosema baadaye kwa utani. Ukweli ni kwamba alikuwa ameamua tangu alipofunga dirisha.

"Ulieleza vizuri," alisema. "Ulisema cheche, ukasema pazia. Daktari mwenyewe alisema hakuna ambaye angeweza kueleza vizuri kuliko hivyo. Maneno yako yalifika hapa yote. Sisi ndio tulioyakata. Kompyuta yetu ilikuwa haivuki ng', na sisi tuliokuwa tunasoma hatukujiuliza. Ukienda nyumbani mwambie mumeo hivyo. Akitaka ushahidi, aje dirishani aniulize mimi."

Fundi cherehani akaanza kulia kwa jicho moja, na kwa lile jingine kitambaa kikaloa. Hakupiga kelele. Mama Asilimia hakumwambia anyamaze. Walikaa hivyo mpaka jina la yule mwanamke likaitwa, akasimama, akamshika bega, akaingia kwa daktari.

Mume alikuja kweli, wiki ile ile, mtu mrefu mwenye kofia mkononi. Aliuliza, akajibiwa neno kwa neno. Alikwenda kwa mkurugenzi, na mkurugenzi akamwita Mama Asilimia ofisini. Aliulizwa kama aliisoma barua. Akasema aliisoma. Akaulizwa basi kwa nini. Akasema, "Aliniuliza, mzee. Nami nilikuwa najua." Alipewa onyo la maandishi, la kwanza katika miaka ishirini na saba, akalitia sahihi. Familia ile ilipata wakili, na kesi yao ilichukua mwaka na nusu. Hospitali ilikubali kosa kabla ya hukumu, na gharama za matibabu ya fundi cherehani zikabebwa. Alirudi kushona, kazi za pindo na vifungo kwanza, kisha magauni. Alisema kinachomsumbua ni kutia uzi kwenye sindano tu.

Siku alipotia sahihi onyo lile, Mama Asilimia aliomba jambo moja, kwamba orodha ipite tena kwake kila asubuhi kabla ya kwenda ghorofa ya pili, hata ikiwa safi namna gani. Walikubali, lakini madirisha mawili hawakumwondolea. Kwa hiyo akawa anafika saa kumi na mbili na nusu badala ya saa moja na nusu, giza likiwa ndiyo kwanza linaondoka, na kusoma orodha nzima kwa sauti katika chumba kitupu. Fundi wa kompyuta alimletea kiti kipya chenye mgongo, alichokinunua mwenyewe, akakiacha dirishani kwake.

"Utaacha lini kazi hii?" mumewe alimuuliza jioni moja, gazeti likiwa bado halijafunguliwa.

"Miaka minne imebaki, baba watoto."

"Miaka minne si mingi."

"Kwa aliyekaa si mingi," alisema, akanyoosha miguu juu ya kigoda, akafungua gazeti ukurasa wa pili na kuanza kumsomea.